Faili la Sauti, Dakika Nne

Mchungaji Righa alihubiri Jumapili kwamba simu ni mlango,
na si kila abishaye hodi ni mgeni wa heri.
Alihubiri vizuri. Kola ililowa jasho.
Mbele yake, juu ya kigoda cha miguu mitatu,
simu ya kanisa ilikuwa ikimrusha hewani moja kwa moja,
na Shemasi Mkawughanga akimwashiria asogee kushoto
nguzo isimkate uso.

Sikucheka. Mimi mwenyewe Zaburi nasomea kwenye kioo,
na katikati ya Zaburi pakaibuka tangazo la sufuria, nusu bei.
Nikaligusa.

Kwa hiyo sitasema simu ni shetani.
Shetani simjui kwa ukaribu huo, na simu naijua:
niliilipa shilingi mia kila siku, mwaka mzima,
kutoka kwenye cherehani hii hii, hapa Magongo,
zipu za kubadili, suruali za kupunguza.
Nilimpa Hezroni afanyie kazi za shule.
Ndivyo tusemavyo sote.
Ukweli, nilitaka nyumba inyamaze nimalize kushona.

Ikanyamaza.

Mwaka wa pili sasa. Ana miaka kumi na minne,
anakula mahamri kwa mkono mmoja,
wa pili uko kwa watu nisiowajua.
Nikimwita hujibu "mm",
herufi mbili, tena za mdomo uliofungwa.
Nimeificha kwenye pipa la unga.
Nimeifunga kabatini kwa kufuli.
Nimefunga na mimi, siku tatu, maji matupu.

Mama yangu kule Wundanyi alitulea kwa fimbo ya mkaratusi;
hakuwa na nywila ya kukisia.
Sisemi alitulea vyema zaidi.
Kaka yangu Mwaluma hajanisemesha tangu tumzike baba,
na hana hata simu ya tochi.
Kununa hakukuja na bando.

Kila alfajiri, saa kumi na moja, napiga magoti
kati ya kitanda na ndoo za maji,
namshtaki mwanangu kwa Mungu.
Kwa jina. Kwa sauti. Kwa mifano.

Juzi stima zilipotea nikiwa na gauni la arusi la watu.
Akanipa simu nimulikie, akalala.
Nikachungulia. Ndiyo, nilichungulia.
Nilijiandaa kwa kamari, kwa uchafu, kwa msichana.
Nikakuta mipira, picha ya kiatu,
na faili la sauti, dakika nne, halina jina, tarehe tu.

Adhana ya msikiti wa nyuma.
Jogoo wa Mama Zuhura, amechelewa kama kawaida.
Malori yanashuka bandarini yakikohoa.
Halafu mwanamke, ng'ambo ya pazia:
Bwana, huyu mtoto amenishinda,
mchukue, unirudishie mwingine.

Sikujua sauti yangu ni nene hivyo.
Sikujua pazia ni jepesi hivyo.

Ameiweka tangu Machi.
Kwa hasira? Kwa ushahidi?
Au ni pale dakika ya tatu, ninapokohoa
na kumtaja kwa jina la utotoni,
lile ambalo namwambia Mungu tu siku hizi?
Sijui. Sijamuuliza.

Stima zikarudi. Gauni likaisha.
Leo alfajiri nilipiga magoti, nikafungua kinywa,
nikaliona pazia.
Nikainuka, nikaenda upande wake.
Alikuwa macho, uso una mwanga wa buluu.
"Unatazama nini?"
Hakujibu. Akasogea, upana wa kiganja.

Ni mtu wa nchi ya mbali anaosha zulia.
Basi. Anaosha zulia, maji meusi yanatoka,
anamwaga mengine, yanatoka meusi.
"Itakuwa nyekundu," akasema.
Mimi nikasema kahawia.
Tukakaa kusubiri.